Shajara ya mradi, Kayole, Nairobi: kila mtu anaunga mkono

13 Januari

Karatasi zimekamilika. Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, kilitoka kabla ya Krismasi. Barua ya chifu tumeipata leo, baada ya kukalia benchi la nje kutoka saa mbili asubuhi hadi saa sita, na kamati ya maadili imetukubalia kwa sharti moja: tusimhoji mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Sikubisha. Mtoto angehitaji kwanza idhini ya mzazi, halafu akubali yeye mwenyewe, na ukishaenda kwa mzazi kumwomba ruhusa umuulize mwanawe habari za bangi, jibu la mtoto huyo umeliharibu kabla hujalisikia.

Kwa hivyo hatuhesabu ni matineja wangapi wa Kayole wanakunywa au kuvuta. Kuhesabu watumiaji ni kazi ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Utafiti wao wa 2022 ulikuta kwamba Mkenya mmoja kati ya sita wa umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo au dawa ya aina moja. Sisi tunatafuta kitu kingine. Watu wazima wanaoishi na watoto hawa, wanaowauzia smokie na chapati, wanaowafungulia geti usiku, wako tayari kufanya nini ili mtoto asianze mapema? Kwenye bajeti kitu hicho kimeandikwa "kiwango cha uungaji mkono wa jamii". Ni maneno manne makubwa, na bado sijui yanapimwa kwa kijiko gani.

Tuko wanne: mimi, mwenzangu wa hesabu, na wahamasishaji wawili wa afya ya jamii, akina mama wanaozijua ploti, yaani majengo ya kupanga, kutoka Masimba hadi Soweto kwa jina la keateka, msimamizi wa jengo. Pesa ni za wiki kumi.

20 Januari

Jaribio la awali, watu 40. Dodoso tulilirithi kutoka kwa mradi mwingine: sentensi 18, na kila sentensi unachagua kuanzia "nakataa kabisa" hadi "nakubali kabisa". Ya kwanza inasema: "Jamii yetu inapaswa kuwazuia vijana kutumia pombe na dawa za kulevya."

Nakubali kabisa. Nakubali kabisa. Nakubali kabisa. Isipokuwa wawili, kila mtu alikubali kabisa, na hao wawili walikuwa na haraka. Mmoja alijibu akiwa ameshika glasi ya keg mkononi, na sina sababu ya kudhani alikuwa anadanganya.

Jioni mwenzangu alifungua kompyuta akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema swali linalojibiwa vilevile na kila mtu ni kama mizani ya muuza viazi: weka debe, weka gunia, mshale unasimama palepale. Si kwamba watu wamesema uongo. Tumewauliza kama wema ni mwema.

21 Januari

Nimerudia fomu za jana moja moja, nikisoma yale ambayo wahojaji waliandika pembeni. Shida haiko kwenye mizani peke yake. Iko kwenye maneno.

La kwanza ni "vijana". Katiba yetu ya 2010 inasema kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafika 35. Kumbe mtaa nao umeshaizoea hesabu hiyo. Mama mmoja alipoulizwa kuhusu vijana na pombe alianza kumlalamikia mtu wa boda boda mwenye watoto watatu. Mwingine alisema vijana waachwe, maisha ni magumu, hawana kazi. Alikuwa anazungumzia watu wazima! Sisi tulikuwa na mtoto wa kidato cha pili kichwani, yeye ana barobaro wa miaka 29 kwenye base, yaani kijiweni, na sote tunaitikia "ndio" kama watu wanaoelewana.

La pili ni "dawa za kulevya". "Hapa hakuna dawa," mzee mmoja alimwambia mhamasishaji wetu, "dawa ziko Mombasa." Kwake dawa ni unga mweupe, kitu cha kwenye habari ya saa moja. Bangi ni bangi. Muguka ni majani ya kutafuna, tena serikali yenyewe inayatambua kama zao la biashara. Kuber, tumbaku ya kutafuna, ni ya makanga. Gundi ni ya chokoraa. Dawa ya kikohozi yenye kodeini ni dawa tu, inauzwa duka la dawa. Ukijumlisha yote ambayo mzee huyu haiti dawa, unapata karibu kila kitu ambacho mtoto wa Kayole anaweza kukipata kati ya shule na nyumbani.

27 Januari

Dodoso jipya. "Vijana" tumelifuta kila mahali. Nilijaribu "walio katika umri wa kubalehe", mama wawili wakaangua kicheko na mmoja akaangalia pembeni kwa aibu, nikaliondoa siku hiyohiyo. Sasa tunasema "mtoto wa miaka 13 hadi 17, yaani wa umri wa sekondari". Si tamu mdomoni lakini hakuna anayemfikiria mtu wa boda.

Badala ya "dawa za kulevya" mhojaji anasoma orodha: bia, keg, chang'aa, busaa, pombe kali ya chupa, bangi na biskuti zake, muguka, kuber, gundi, dawa ya kikohozi ikinywewa kwa kulewa. Inachukua karibu nusu dakika kuisoma. Imetufaa mara mbili, kwa sababu wengi husimamisha orodha katikati: "Ngoja, biskuti? Biskuti gani?" Hapo ndipo mahojiano yanapoanza kuwa mazungumzo.

2 Februari

Sehemu ngumu. Tumekubaliana kwamba hatumuulizi mtu anaunga mkono nini. Tunamuuliza atatoa nini. Muda, pesa, urafiki, amani na jirani. Mtu hapimwi kwa kile anachokipenda bure.

Kabla ya kuandika maswali tulikaa na watu sita tu, bila fomu, tukawaacha waongee. Mama mboga wa karibu na stejini ndiye aliyetufungua macho. Mwaka jana alimwona mtoto wa jirani yake, yuko kwenye sare, amekaa na wakubwa nyuma ya karakana anavuta. Akafunga kibanda, akaenda kumwambia mama yake.

"Alinijibu nini?" Mama alicheka kicheko kisicho na furaha. "Aliniuliza, kwani wangu ndiye umemwona peke yake? Chunga wako. Na kutoka siku hiyo sukuma ananunua kwa yule wa ng'ambo."

Nikamuuliza, "Mama, ukimwona tena leo, utaenda?"

Akaendelea kukata sukuma. Alikata mafungu mawili kabla ya kujibu. "Huyo siendi. Mwingine labda."

Nimefikiria sana kile kisu. Bei ya kumwambia jirani ilikuwa mteja wa kila siku, na mama aliilipa, na sasa anajua bei. Kwenye dodoso la kwanza angeandikwa "nakubali kabisa" na tungemweka kapu moja na mtu ambaye hajawahi kufungua mdomo.

3 Februari

Maswali mapya yako manane. Yanakwenda kwa ngazi, kutoka rahisi hadi gumu. Ungehudhuria mkutano mmoja? Ungetoa saa mbili kila mwezi? Mtoto wa jirani amevaa sare, yuko base anavuta: ungefanya nini? Katika miezi 12 iliyopita umewahi kumwona? Ulifanya nini? Wewe ukiwa mzazi, ungetaka kuambiwa? Katika majirani zako kumi, wangapi wangekuambia? Hilo la majirani kumi tunaliuliza kwa maharagwe: mtu anapewa punje kumi, anasukuma upande huu wale wangesema na upande ule wangenyamaza. Mwenzangu hakuyapenda maharagwe hadi alipoona jinsi watu wanavyofikiri vidole vikiwa na kazi.

La mwisho ni la wenye nyumba na wenye biashara peke yao: kama mpangaji wako anawauzia watoto pombe, ungemwondoa hata kama chumba kitakaa wazi miezi miwili bila kodi?

10 Februari

Kando ya dodoso la nyumba kwa nyumba tunafanya jambo la pili, nalo lina jina: utayari wa jamii. Njia hii ilitengenezwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, na mwanzo wake ulikuwa hukohuko kwenye pombe na dawa za kulevya. Wazo lake nalipenda kwa sababu haliulizi kama jamii ni nzuri au mbaya. Linauliza imefika wapi. Kuna hatua tisa. Ya kwanza ni jamii isiyojua kabisa kwamba kuna shida, ya pili ni ile inayokana ("ipo, lakini si hapa kwetu"), ya tatu inajua kwa mbali lakini hakuna anayesukumwa kufanya lolote, na unapanda hivyo kupitia mipango, maandalizi na kuanza kazi, hadi ya tisa ambapo watu wenyewe wanaimiliki kazi na kuikagua.

Unawahoji watu wachache wanaoijua jamii kutoka pembe tofauti. Sisi tumechagua wanane: mzee wa mtaa, mwalimu wa nidhamu, mhudumu wa kliniki, kiongozi wa kanisa, imamu, mwenyekiti wa chama cha akina mama, mwenye baa, na afisa mmoja wa utawala. Kila mahojiano yanapewa alama ya 1 hadi 9 katika maeneo matano: kama watu wanazijua juhudi zilizopo, uongozi, hali ya hewa ya mtaa kuhusu jambo lenyewe, kama watu wanalielewa tatizo, na rasilimali. Wapimaji ni wawili, kila mmoja anasoma peke yake, halafu wanakutana kugombana.

Mwenye baa ndiye aliyenishangaza. Nilitarajia ajifunge. Alitutolea soda, akasema saa za Mututho, zile za kisheria za kuuza pombe, anazifuata, saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na akatuambia bila kuulizwa kwamba watoto hawaji baa. "Baa ina macho. Mtoto anaenda kwenye dirisha." Alimaanisha maduka ya chupa, yale yenye grili, ambako mkono unaingia na pesa na kutoka na chupa na hakuna anayemwona mwenye mkono.

16 Februari

Mwenzangu alikuja na 384, ile namba ambayo kila mwanafunzi wa chuo hapa Kenya anaijua kwa moyo: ukitaka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, hoji watu 384. Pesa yetu haifiki huko. Tumeshuka hadi ploti 40, nyumba sita kila ploti, jumla 240, na kosa linapanda kidogo juu ya asilimia 6. Kwa kweli linapanda zaidi, kwa sababu watu wa ploti moja wanafanana. Wanatumia geti moja, wanasengenya kwenye ngazi moja, na jibu la nyumba ya pili limeshaonja jibu la nyumba ya kwanza.

18 Februari

Geti. Hakuna aliyetuambia kwamba adui wa utafiti Nairobi ni kufuli. Ghorofa tano, vyumba vinane kila ghorofa, na funguo zote ziko kiunoni mwa keateka mmoja ambaye ameenda kununua umeme. Barua ya chifu anaitazama kama risiti ya mtu mwingine. Wahamasishaji wetu ndio wanaotuokoa. Mmoja akiita tu "Baba fulani, ni mimi wa chanjo," kufuli linafunguka.

Mchana tunakuta akina mama, dada wa kazi na waliofanya zamu ya usiku. Wanaume tunawapata Jumapili saa nane, mechi ikiwa haijaanza. Tumebadilisha ratiba.

Ndani ya nyumba tulitaka kumchagua anayejibu kwa siku ya kuzaliwa: mtu mzima ambaye siku yake iko karibu zaidi. Nyumba ya tatu tu, shosho akatuambia alizaliwa wakati wa mvua. Sasa tunaandika vikaratasi, tunavitia kwenye kikombe, mtoto anachagua. Watoto wanapenda kazi hii kuliko sisi.

20 Februari

Nyumba 13. Mbwa mmoja. Fomu mbili zimepotea kwenye simu kwa sababu sikuzituma kabla ya chaji kuisha. Kosa ni langu.

24 Februari

Kuna hadithi imeanza kunichosha. Kila mtu aliyepita miaka 50 anaisimulia: zamani ukionekana na sigara jirani anakuchapa, ukifika nyumbani ukisema umechapwa unachapwa tena. Wahojaji wameanza kuweka alama pembeni ya fomu, herufi K ya kiboko. Leo usiku nilizichambua fomu zenye K. Wengi wao walikuwa wamemwona mtoto kwenye base mwaka huu uliopita. Waliomwambia mzazi ni wa kuhesabu kwa vidole.

Siwacheki. Aliyekuwa anachapa zamani alikuwa na uhakika kwamba mama wa mtoto atamshukuru, wakati mama mboga wa stejini alipoteza mteja.

27 Februari

Leo nimemhoji mwenye ploti. Mama wa makamo, kitambaa kichwani, sebule yenye vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti. Alitukaribisha chai kabla hajauliza tumetoka wapi. Mkutano ataenda. Saa mbili kwa mwezi atatoa, hata nne. Ana wajukuu wawili wa umri huo na aliwataja kwa majina ya kubembeleza. Maharagwe aliyasukuma saba upande wa watakaosema, wengi kuliko mtu yeyote wiki hii.

Swali la mwisho: mpangaji anayewauzia watoto pombe, ungemwondoa hata kama chumba kitakaa miezi miwili bila kodi?

"Ndio," akajibu, haraka, kabla sijamaliza kusema kodi. "Ndio, mwanangu. Siku hiyohiyo."

Nikabonyeza ndio. Nikamwachia karatasi yake ndogo yenye namba ya fomu, namba yetu ya simu na namba 1192 ya NACADA, ile isiyolipiwa, kama tunavyomwachia kila mtu.

Tukashuka. Kwenye ghorofa ya chini, mlango wa tatu kutoka ngazi, kuna grili. Mbele yake alisimama mvulana mwenye suruali ya shule na jaketi limefungwa hadi shingoni. Mkono uliingia, mkono ukatoka.

Mwenzangu alinitazama. Nikamwambia tusiseme kitu, si kazi yetu kwa leo. Hadi tumefika barabarani hakuna aliyeongea. Yeye alitaka tuandike pembeni kile tulichokiona. Mimi nilikataa: hatukuandika tulichokiona chini ya ploti nyingine 39, na kama tukianza na ya huyu mama kwa sababu alitupa chai, hiyo si takwimu tena. Bado sijui kama nilikuwa na haki au nilikuwa naogopa.

4 Machi

Kiongozi wa kanisa alitaja kwamba kuna duka la chupa karibu mno na shule. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka mahali pa kuuzia pawe angalau mita 300 kutoka shule ya watoto wadogo, msingi au sekondari. Tulitembea na simu mkononi ikihesabu. Kutoka geti la shule hadi grili, mwenzangu alisema "tumefika" wakati mimi bado nilikuwa navuka mtaro. Hatukukaribia 300.

Jambo hili haliingii kwenye dodoso. Limeingia kwenye eneo la "hali ya hewa ya mtaa", kwa sababu watu wanane tuliowahoji wote wanalijua duka lile, na hakuna aliyesema amewahi kuliripoti. Wawili walituuliza linaripotiwa wapi. Mmoja alikuwa kiongozi.

11 Machi

Siku ya kugombana. Tumesoma mahojiano manane, kila mtu peke yake, halafu tukakutana kwenye hoteli ya chai na mandazi tukafungua karatasi.

Maeneo mengine tulikaribiana. Kwa kiongozi wa kanisa tuligongana. Kwenye juhudi mimi nilimpa 5, mwenzangu 3. Nilisikia "tuna programu ya watoto kila Agosti" nikaandika maandalizi. Yeye akanirudisha kwenye ukurasa wa nne. Hapo alikuwa amemuuliza kiongozi Agosti iliyopita kulifanyika nini, na jibu lilikuwa, "Tulipanga, lakini mvua." Agosti. Nairobi.

Kanuni ya ngazi hii ni kwamba hupandi kidato hadi kila kilichoandikwa kwenye kidato cha chini kimetimia. Huruki kwa sababu mtu ameongea vizuri. Nikashuka hadi 3. Nilipoona nilivyomwongezea alama kwa sauti yake nzito, nilirudi nikakagua zangu zote na kushusha mbili zaidi. Imamu nilikuwa nimempunja, kwa upande mwingine: aliongea kwa kifupi, lakini ana orodha ya wazazi wa madrasa na simu zao, na ameshawaita watano mwaka huu, mmoja mmoja, kimyakimya. Hiyo ni kazi imeanza. Nilikuwa nimempa 4 kwa sababu hakuiita programu.

Uelewa wa tatizo umetoka 4 na kitu. Uongozi 3 na kitu. Mwongozo unasema ukiwa na 3 na desimali, hata iwe tisa, unasoma 3. Jamii haijafika nne hadi ifike. Kwa 3 hii, sisi tumeona tusianze na mabango na matamasha. Tuanze na watu wachache, ana kwa ana, na yale yanayotokea hapahapa mtaani. Yaani kile anachofanya imamu.

19 Machi

Fomu zilizokamilika ni pungufu ya 240, wengine walihama katikati ya mwezi, ndivyo Kayole ilivyo. Mwenzangu ametoa majedwali.

Kimoja ndicho kimenikalisha macho. Wengi mno wanasema wao wangemwambia mzazi. Karibu wote wanasema wangetaka kuambiwa. Halafu kwenye maharagwe, wengi wanasukuma punje mbili au tatu tu: katika majirani kumi, wawili watatu wangesema. Haiwezekani kila mtu awe jasiri na majirani wa kila mtu wawe waoga, maana majirani hao ndio haohao tuliowahoji mlango wa pili.

Mwenzangu anasema watu wamejipamba, na ukitaka ukweli soma maharagwe. Anaweza kuwa sahihi. Waliosema kweli walishamwambia mzazi ni wachache, karibu na idadi ya maharagwe. Mimi naona kuna upande mwingine ambao hatuwezi kuupuuza. Kama karibu kila mzazi anataka kuambiwa na karibu kila mmoja anadhani mwenzake atamtukana, basi kuna watu wananyamaza kwa sababu ya tusi ambalo pengine halipo. Mama mboga alitukanwa kweli. Lakini yeye aliwaambia wangapi? Mmoja.

Hatukuweza kuamua. Kwenye ripoti tumeyaweka majedwali mawili bega kwa bega na kuandika kwamba yanapingana.

Afisa wa utawala alipoona rasimu aliuliza kama ile 3 ya uongozi ni lazima isomwe kwenye baraza. Tulimwambia ni lazima. Akauliza kama inaweza kusomwa mwishoni, watu wakishaanza kuondoka. Hilo tumemkubalia nusu: itasomwa katikati. Baraza ni Jumamosi saa nne, ukumbi ni wa bure, viti tunaazima kwa chama cha akina mama.

Kuna mtu atauliza habari za miaka 21, najua. Tangu ile sera ya Julai 2025 ipendekeze umri wa kunywa upandishwe kutoka 18, kila mahojiano ya tatu yamepita hapo. Jibu la mwenye baa ndilo nimelikumbuka: "Mtoto wa 15 ananunua leo. Ukipandisha hadi 21, atanunua vilevile, kwenye dirisha lilelile."

26 Machi

Simu saa kumi na mbili asubuhi, namba nisiyoijua.

"Ni wewe wa fomu? Mimi ni yule mama wa chai." Akasoma namba ya fomu kutoka kwenye karatasi ndogo, tarakimu moja moja, kama mtu anayesoma tokeni ya stima. "Lile swali la mwisho. Ulipoondoka nilishuka nikaenda pale chini. Sikuwa nashukanga. Nilikaa kwenye kiti chake nusu saa, nikaona."

Nikamwacha aongee.

"Amenilipa hadi mwisho wa Juni. Siwezi kumrudishia, hizo pesa ni karo ya wajukuu, nimeshalipa. Kwa hivyo nilikudanganya. Futa ndio. Andika hapana." Kimya kidogo. "Hapana mpaka Juni. Julai ndio. Unaweza kuandika hivyo?"

Nikamwambia nitaangalia, mama, na nikamshukuru, nikabaki na simu mkononi. Fomu ya ridhaa inasema mtu anaweza kujiondoa wakati wowote. Haisemi chochote kuhusu kubadilisha jibu. Kwenye programu kuna ndio, hapana, na sijui.

Mwenzangu amefika saa mbili. Tumeliacha lile la 27 Februari lilivyo, tukafungua safu mpya pembeni yake, tukaweka tarehe ya leo na maneno yake yote. Safu hiyo ina mtu mmoja. Mwenzangu ameiita "Julai", na kwenye simu yangu nimeweka kengele ya tarehe 1.